Kopi: neno lililotoka ghalani

Hotuba ya mwenye duka la steshenari, mbele ya chama cha Kiswahili cha wanafunzi

Mlezi wa chama, walimu, wanangu wanafunzi. Walionizidi umri, shikamooni. Niliowazidi, marahaba, nawaitikia kabla hamjasalimia, maana baadhi yenu shikamoo mnaikumbuka siku ya kutaka kopi za mkopo tu.

Mmezoea kuniona nyuma ya mashine. Katibu wenu alipokuja dukani wiki mbili zilizopita nilidhani amekuja kupunguza deni, kumbe amekuja kunialika. "Mama Kopi," akasema, "chama kinataka utuzungumzie neno moja. Lolote." Nikamuuliza kwa nini mimi, na hapa chuoni mna madaktari wa isimu wa kumwaga. Akanijibu kwamba madaktari mnawasikia kila siku. Basi nimechagua neno nililobandikwa. Miaka kumi na tisa naitwa Mama Kopi, hata kuna mteja aliyewahi kuniuliza huyo Kopi ni mtoto wangu wa ngapi. Nikaona si vibaya nikamtafutia mwanangu ukoo wake.

Kopi tumelipata kwa Waingereza, wao wanaliandika copy. Nilipoanza kulifukuzia kwenye kamusi nilikuwa na dhana yangu. Nilitegemea nikute huko chini maana ya kufuata nyayo, au kufanana, au hata wizi, kwa jinsi wasimamizi wa mitihani wanavyolitamka. Sikukuta hata moja. Nilikuta ghala la nafaka.

Kwa Kilatini neno lilikuwa copia, na maana yake ni wingi, utele, neema. Limeungwa na co, yaani pamoja, na ops, yaani mali au uwezo. Ops lilikuwa pia jina la mungu wa kike wa Warumi, mke wa Saturnus, aliyesimamia mavuno. Mkiona kwenye picha za kale za Ulaya ile pembe kubwa inayomwaga zabibu, matofaa na masuke ya ngano, hiyo ndiyo cornu copiae, pembe ya neema. Tena majemadari wa Kirumi vikosi vyao waliviita copiae, neno hilohilo katika wingi wake, kwa sababu jeshi ni utele wa watu na wa vyakula vyao. Julius Caesar anaposimulia vita vyake vya Gallia, Ufaransa ya leo, copiae ni askari wanaotembea na mikuki. Karatasi hakuna hapo. Kuiga hakuna.

Sasa ghala limegeukaje karatasi? Swali hili lilinikosesha usingizi, na mimi nikikosa usingizi ninyi asubuhi mnapata kopi zimepinda.

Jibu liko hivi. Mwenye vingi ana uwezo, na mwenye uwezo ana nafasi ya kufanya atakalo. Kwa hiyo copia, pamoja na kuwa wingi, ikawa pia nafasi, fursa, ridhaa. Kumfanyia mtu copia ya kitu kulikuwa ni kumfungulia mlango akifikie. Njooni sasa katika karne za kati za Ulaya, wakati hati zinakaa ndani ya masanduku ya kanisa, ya mfalme, ya mahakama, na funguo ziko kiunoni mwa mtu fulani. Unataka maneno ya hati ile? Unamwendea mwenye ufunguo. Akikubali, amekupa copia: ruhusa ya kuisoma na kuiandika upya kwa mkono wako. Unakaa, unaandika, unatoka. Na polepole jina la ile ruhusa likahamia kwenye kile ulichotoka nacho mkononi.

Anayeona ajabu hapo na atazame geti letu. Askari akikuuliza, "Ruhusa yako iko wapi?" unamwonyesha karatasi. Ruhusa ni kitu cha moyoni mwa mkubwa, haishikiki, lakini ninyi mnaikunja, mnaitia mfukoni, mnaisahau bwenini. Kibali nacho vivyo hivyo. Neno copia lilipita njia hiyohiyo, na Wafaransa walipolifanya copie, na Waingereza walipolipokea kutoka kwao katika karne ya 14, lilikuwa tayari limeshakuwa karatasi.

Niruhusuni hapa nijisifu kidogo, maana biashara yangu imo ndani ya hadithi hii. Bango la duka langu linasema steshenari. Katika Kilatini cha karne za kati, stationarius alikuwa mfanyabiashara mwenye mahali pake pa kudumu, tofauti na yule anayetembeza mali begani. Kwa lugha ya mjini kwetu, stationarius ni mwenye kibanda, na yule mwingine ni machinga. Na wenye vibanda mashuhuri walikuwa wale waliokaa jirani na vyuo vikuu, Bologna na Paris, katika karne ya 13. Uchapaji haujaja. Mashine ndiyo kabisa. Wanafunzi wanataka vitabu vya sheria na vya dini, na kila kitabu ni ngozi za kondoo na miezi ya mkono wa mtu. Wakafanya ujanja. Chuo kinakagua nakala moja iliyo safi, stationarius anaitunza bila kuifunga jalada, imeachwa vipande vipande vya kurasa chache, kila kipande kinaitwa pecia. Mwanafunzi, au mwandishi aliyemkodi, anachukua kipande cha kwanza, anakiandika, anakirudisha, anachukua cha pili. Na wakati yuko kwenye cha pili, mwingine kashachukua cha kwanza. Kitabu kimoja kinaandikwa na watu wengi kwa wakati mmoja, badala ya mmoja kukikumbatia mwaka mzima. Bei ya kukodi kipande ilipangwa na chuo, na kule Bologna kulikuwa na wakaguzi wa vipande. Kikikutwa kina makosa, mwenye kibanda anatozwa faini.

Kwa hiyo mnapokuja dukani mmoja ameshika sura ya kwanza, mwingine sura ya tatu, mnaniambia, "Mama, anza na hii, mwenzetu analeta ile nyingine," mnafanya walichofanya wenzenu wa Bologna zaidi ya miaka 700 iliyopita. Isipokuwa kwao bei ilipangwa na chuo. Mlezi, hilo nimelitaja kama historia tu, si pendekezo.

Kuna jambo lililonichanganya zaidi katika safari hii. Mwaka 1512 msomi Erasmus wa Rotterdam alichapisha kitabu cha kuwafundisha vijana ufasaha, na jina lake kwa kifupi ni De Copia. Kilisomeshwa sana katika shule za Uingereza. Humo alichukua sentensi moja ya kawaida, kwamba barua yako ilinifurahisha sana, akaigeuzageuza kwa njia zaidi ya mia, kila moja inasema yaleyale na hakuna inayofanana na mwenzake. Hiyo ndiyo copia aliyoitaka: utele wa maneno, usirudie kitu kilekile mara mbili. Leo mwanafunzi anafukuzwa kwenye chumba cha mtihani kwa kukopi. Miaka 500 iliyopita angefukuzwa kwa kukosa copia.

Na Waingereza wenyewe kwa muda mrefu walilitumia neno hili pande zote mbili, kwa kile kilichonakiliwa na kwa kile kinachonakiliwa. Mwalimu akiandika mstari mzuri juu ya ukurasa ili mtoto aurudie chini mpaka mkono unyooke, ule mstari wa mwalimu ndio uliokuwa copy. Daftari la kujifunzia mwandiko wanaliita kwa neno hilo hadi leo. Shakespeare alilijua vizuri. Mfalme Henry V, mbele ya kuta za Harfleur, anawaambia mabwana zake wawe copy kwa watu wa damu nzito, yaani watu wa kawaida, wawafundishe kupigana. Hawaambii waige, anawaambia waigwe. Katika soneti yake ya 11 Shakespeare anamwambia kijana mzuri kwamba maumbile yamemchonga awe muhuri, basi apige chapa zaidi, asiiache ile copy ife. Copy hapo ni kijana mwenyewe, asilia, mwenye nyama na mifupa.

Mkiwa mnasoma Macbeth mtakutana nalo tena pale mke wa Macbeth anapomtuliza mumewe kuhusu Banquo na mwanawe: copy ya maumbile ndani yao si ya milele. Wasomi wengi wanasikia ardhi ndani ya mstari huo. Uingereza ilikuwa na namna ya kumiliki shamba ambapo mkulima hana hati yake mwenyewe. Habari za shamba lake zimeandikwa katika gombo la mahakama ya bwana mwenye eneo, naye anapewa kipande kilichonakiliwa humo, na kwa karatasi hiyo analima, anarithisha, anaondoka. Mtu alimiliki kwa kopi. Utaratibu huo uliishi mpaka tarehe 1 Januari 1926, sheria iliyopitishwa 1922 ilipoufuta. Mwaka 1926! Babu yangu alikuwa ameshazaliwa.

Hakimiliki ndiyo nataka niikalie, kwa sababu ndiyo inayoniletea wageni wenye vitambulisho dukani. Wachapaji na wauza vitabu wa London walikuwa na chama chao cha wenye vibanda, na mwaka 1557 kilipata hati ya kifalme. Mwanachama akiandikisha kitabu katika daftari la chama, hakuna mwingine anayeruhusiwa kukichapa, na lugha yao ilikuwa kwamba fulani ana copy ya kitabu hicho. Hawakumaanisha ana kijitabu kimoja kabatini. Walimaanisha ana haki nacho. Mnaiona ile ruhusa ya kale imeinua kichwa tena? Bunge la Uingereza lilipotunga sheria yake mwaka 1710, jina refu la sheria lile lilisema kwamba copy za vitabu zinawekwa mikononi mwa watunzi au walionunua kwao, kwa muda maalumu. Vitabu vipya vilipewa miaka 14, na mtunzi akiwa hai bado, miaka 14 mingine.

Waingereza basi haki hiyo wakaiita haki ya kopi. Wafaransa wanaiita haki ya mtunzi, wamemtazama mtu. Sisi tumeiita hakimiliki, tumetazama mali. Sheria yetu ya Tanzania ya mwaka 1999 inaitwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki. Kuna wanaosema hakinakili, na mimi kwa upande wangu ningelipenda hilo, ingawa najua nimeshachelewa. Hakimiliki inaniambia kitu ni cha nani. Hainiambii nani kaniruhusu kubonyeza kitufe, na kwa mtu wa kazi yangu swali ni hilo la pili.

Mengine nayapita haraka. Katika magazeti ya Kiingereza habari aliyoandika mwandishi inaitwa copy, kwa sababu zamani mpanga herufi aliiweka mbele ya macho yake akainakili kwa herufi za risasi. Kutoka hapo mtunga maneno ya matangazo ya biashara naye kaitwa mwandishi wa copy. Mtu analipwa atoe kitu ambacho hakijawahi kusemwa, jina lake linasema kopi. Na waendesha mitambo ya Morse, waliokuwa wakisikiliza milio na kuandika herufi, kazi yao waliiita kukopi. Ndiyo maana rubani au askari kwenye redio anauliza kama mwenzake amekopi: umenipata? umeelewa? Hapo hakuna hata anayeandika tena.

Mimi nilianza na kaboni. Mwaka 1986 nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali, ipi si lazima. Unapanga karatasi nzito juu, kaboni, karatasi nyembamba, kaboni, karatasi nyembamba, mpaka tano, unaviingiza kwenye taipureta, na unagonga kwa nguvu za mtwangaji. Nakala ya tano inatoka kama maandishi ya mzimu. Ukikosea, unafuta mara tano. Siku moja, nikiwa mgeni wa wiki tatu, nilipanga kaboni ya kwanza uso juu. Barua ikatoka safi, mkubwa akaitia saini, ikaenda kwenye bahasha. Ndipo karani wa masijala alipoigeuza akakuta nyuma yake barua nzima imeandikwa tena, kinyumenyume, kama unaisoma kwenye kioo. Na chini yake, nakala ya kwanza nyeupe pe. Nilikatwa maneno siku hiyo sijasahau hadi leo.

Kaboni ile aliipatia hataza, yaani hati ya haki ya mvumbuzi, Mwingereza Ralph Wedgwood mwaka 1806, na alichokusudia kwanza ni kuwasaidia vipofu waandike. Imekufa maofisini, lakini kaburi lake liko kwenye simu zenu: zile herufi mbili, cc, mnazojaza mnapotuma barua pepe, ni kifupi cha nakala ya kaboni. Kwenye barua za Kiswahili tuliandika na bado tunaandika "Nakala kwa", ambayo angalau haimsumbui mtu kwa masizi.

Halafu ikaja mashine. Chester Carlson alikuwa Mmarekani aliyefanya kazi kwenye idara ya hataza ya kampuni moja New York, akihitaji kila siku nakala za michoro na maelezo, na mgongo wake ulikuwa na baridi yabisi, kuandika kwa mkono ni mateso. Tarehe 22 Oktoba 1938, katika chumba alichokodi mtaa wa Astoria, New York, yeye na msaidizi wake Otto Kornei walichukua bamba la zinki lililopakwa salfa, wakalisugua kwa leso mpaka likajaa umeme tuli, wakaweka juu yake kioo chenye maandishi, wakamulika kwa taa. Wakanyunyiza unga. Wakaugandisha kwenye karatasi ya nta. Kwenye karatasi pakasomeka tarehe ya siku ile na neno Astoria.

Sikilizeni namna inavyofanya kazi, kwa sababu mwisho nitairudia. Bamba zima lina umeme. Mwanga unapopiga, umeme unatoroka. Pale ambapo herufi nyeusi imezuia mwanga, umeme unabaki, na unga unashika hapo tu. Mashine yangu ni hiyohiyo: bamba limekuwa dramu inayozunguka, unga ndio tona ninayowalilia kila mwisho wa mwezi.

Carlson alizungushwa miaka kwa kampuni zisizoona faida ya kitu hicho. Mashine ya kwanza rahisi ya ofisini, Xerox 914, ilitoka mwaka 1959, na namba yake inatokana na karatasi iliyoweza kumeza, inchi 9 kwa 14. Jina Xerox lina Kigiriki ndani yake, neno la ukavu, kwa kuwa mbinu nyingine nyingi za wakati ule zilitoa karatasi zimelowa dawa. Miaka ya 1970, katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox kule Palo Alto, Larry Tesler na Tim Mott wakatengeneza ile amri ya kukata, kukopi na kubandika kwenye kompyuta, wakiiga wahariri waliokuwa wakikata karatasi kwa mkasi na kuzibandika kwa gundi. Tesler amefariki mwaka 2020. Sijui mara ngapi tangu asubuhi mmemtumia humu ndani bila kumlipa.

Dharau nayo ilikuja. Mwishoni mwa karne ya 19 Kiingereza cha Marekani kilianza kuandika copycat, paka wa kukopi, utani wa watoto kwa mwenzao anayeiga kila kitu. Na paka kwa Waingereza lilikuwa neno la kumdharau mtu tangu zamani. Sisi paka hatumlaumu kwa hilo, tuna kasuku. Tuna na tembo, mnamjua, yule ambaye ukimuiga haja yake utapasuka msamba, samahanini walimu. Na kwa mtihani mna msamiati ambao mimi nikiuandika wote nitafungiwa duka. Mnaleta madesa nitoe, mnadesa. Jirani zetu Kenya kikaratasi cha kuibia mtihani wanakiita mwakenya, jina la lile vuguvugu la siri la miaka ya 1980 ambalo vipeperushi vyake vilipita mkono kwa mkono chini ya meza. Neno hilo ukilitazama vizuri ni kitabu cha historia kilichokunjwa kikatiwa soksini.

Mtaniuliza, na Kiswahili chenyewe? Wafuasi wa Kiswahili sanifu humu hawajanisamehe kwamba nasema kopi wakati tuna nakala. Nawaheshimu, lakini nakala ni mgeni vilevile, ni mkaazi wa siku nyingi tu. Inatoka kwenye Kiarabu, naql, na naql ni kuhamisha, kusafirisha. Kule Misri Wizara ya Uchukuzi inaitwa Wizara ya Naql. Karatasi iliyonakiliwa Mwarabu wa leo anaiita nuskha. Nukuu yetu nayo ni ya ukoo huohuo wa naql. Kwa hiyo Mrumi alipoona kitu kimoja kimekuwa viwili alisema neema imeongezeka, na aliyetupa nakala alisema kitu kimesafiri.

Na pwani yetu ilisafirisha. Muhammad Kijumwa wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mchonga milango, mpiga gambusi, na juu ya yote mwenye mwandiko. Tenzi nyingi zilizopo leo katika maktaba ya chuo cha SOAS kule London zimefika huko kwa kalamu yake, akiwaandikia wasomi wa Kizungu waliomwomba. Mwandishi wa namna yake hasukumi tu maneno kutoka karatasi moja kwenda nyingine. Anachagua tahajia, anapamba, anatia jina lake mwishoni. Hakuna aliyemwita paka. Kuna tenzi ambazo mkono wa mtunzi mwenyewe hatunao kabisa, tunao wa wanakili tu, na tunashukuru.

Lakini neno ninalolipenda kuliko yote si kopi wala nakala. Someni matangazo ya kazi: waombaji waambatanishe vivuli vya vyeti vyao. Kivuli! Sijui nani alilianzisha, ila alikuwa na macho. Nyaraka za serikali zinaandika, watu wa vijijini wanalisema, nami wateja wakija na "Mama, nitolee kivuli" nafurahi siku nzima. Maana rudini kwa Carlson na bamba lake la zinki. Unga ulishika wapi? Ulishika pale mwanga ulipozuiwa. Mashine haichori herufi. Inashika vivuli vya herufi na kuvipaka unga. Mswahili amelieleza jambo hilo vizuri kuliko Mgiriki na ukavu wake, na hakuhitaji kufungua mashine.

Kivuli kina tabia moja wateja wangu hawaipendi. Mwaka juzi alikuja binti, si wa chuo hiki, anaomba kazi, muda unaisha siku tatu zijazo. Ananipa cheti cha kidato cha nne nitoe vivuli. Nakitazama: ni kivuli. Nakiweka kwenye mwanga: ni kivuli cha kivuli, kingo zimeshapata weusi, muhuri umekuwa doa. Nikamwambia, "Mwanangu, hiki nikikitoa tena hawatasoma hata jina lako. Chenyewe kiko wapi?" Akasema kiko kwa bibi, Sumbawanga, sandukuni, na bibi hataki kitoke kwa sababu wajukuu wawili walishapoteza vyao. Nikampa simu ya duka. Akambembeleza bibi dakika ishirini za vocha yangu. Mwisho nikaichukua simu mimi, nikamwamkia, nikamweleza mimi ni nani na duka liko wapi, na kwamba kitakaa juu ya kioo sekunde nne tu na kurudi na basi lilelile. Kimya. Halafu nikasikia kule upande wa pili ufunguo, na kifuniko cha bati kikilia.

Kilifika keshokutwa yake asubuhi, ndani ya bahasha ndani ya kanga. Nilitoa vivuli sita nikamtoza vitano. Ahsanteni sana, wenye madeni, nitakuwepo dukani mpaka saa mbili usiku.